Daftari la Mama Mdogo

Habari ya kifo cha mjomba niliikuta kwenye simu, nikiwa bado kitandani kwangu Tabata, Dar es Salaam, saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Ilikuwa Jumanne, mwaka 2017. Simu ilitetema mara moja, nikaipuuza. Ikatetema tena, na tena, mpaka nikainuka kuitafuta chini ya mto. Ni grupu la ukoo. Nilianza kusoma vile vipande vinavyojitokeza juu ya kioo, kwa hiyo kabla sijajua nani amefariki nilikuwa nimeshaisoma "Innalillahi" mara kumi na mbili, zote zina kosa lilelile la herufi, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amenakili ya mwenzake na kuibandika. Nikapandisha juu kabisa. Binamu yangu wa Dodoma alikuwa ameandika: "Baba ametutoka saa tisa usiku."

Nikakaa na simu mkononi. Mke wangu na watoto walikuwa wamelala. Watu kumi na wawili walikuwa wanajua, na hakuna hata mmoja aliyenipigia. Simlaumu yeyote, na mimi sikumpigia mtu. Nilichofanya, nakumbuka vizuri, ni kuandika "Innalillahi" yangu, ya kumi na tatu, ndipo nikaanza kulia.

Bibi alipofariki mwaka 1994 nilikuwa na miaka kumi na miwili, naishi naye Pangani, mkoani Tanga, ila usiku ule nilikuwa nimelala kwa jirani. Aliyekuja kuniamsha ni mjomba huyuhuyu. Hakusema kitu. Aliketi chini kwenye mkeka niliolalia, akaniwekea kiganja kichwani, akakaa hivyo mpaka nikaelewa mwenyewe. Mkono wake ulikuwa unanuka mafuta ya cherehani. Mimi nilipoamshwa na habari ya kifo chake yeye, nilikuwa nimeshika kioo chenye mwanga.

Sitaki kusema kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Mjomba wetu mkubwa alikuwa Mwanza wakati ule. Kumpata ilibidi mtu apande gari mpaka Tanga kupeleka telegramu posta, na mwingine apeleke tangazo Radio Tanzania Dar es Salaam, lisomwe kwenye yale matangazo ya vifo yaliyokuwa yakinyamazisha nyumba nzima: fulani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mpenzi, habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo. Zilimfikia. Lakini alipotua Pangani, bibi alikuwa na siku nne kaburini. Nilimwona akienda makaburini peke yake, begi bado liko begani. Mtu aliyepitia hayo hawezi kuibeza simu. Mimi siku ile ya Jumanne niliwahi mazishi kwa sababu ya simu, na hilo nalishukuru mpaka leo.

Saa kumi na mbili nilikuwa Ubungo, nimeshakata tiketi ya basi la Tanga. Tulikuwa hatujafika Kibaha, binamu wa Dodoma akaandika kwenye grupu kwamba rambirambi zote zitumwe kwenye namba yangu, kwa kuwa mimi ndiye ninayekwenda. Basi njia nzima simu ikawa inalia kwenye mfuko wa shati. Chalinze, laki mbili na nusu. Mkata, laki saba. Segera, pale wanapopanda wauza machungwa na mahindi, nikapiga hesabu: shilingi 1,340,000. Nilijisikia vizuri, nasema kweli. Niliona ukoo wetu una umoja. Nikaandika kwenye grupu, "Ahsanteni sana ndugu zangu, Mungu awazidishie," na viganja vya dua vikamiminika chini yake, vya manjano, safu kwa safu.

Mjomba alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya nyumba, barabara ile inayoteremkia kwenye pantoni, na kwa kuwa kila anayevuka mto kwenda Bweni, ng'ambo, lazima apite pale, baraza yake haikuwahi kukosa mtu. Upande mmoja cherehani, upande wa pili bao. Wazee walicheza na vijana walisimama nyuma yao wakitia maneno. Mjomba alikuwa anashona huku anafuatilia kete, na mara nyingi alipaza sauti bila kuinua kichwa, "Usitakate hapo, una mtaji kimbini!" yaani usizungushe kete bure, una nafasi ya kula za mwenzio kule pembeni. Alikata sanda za mji mzima, tena bila kudai ujira. Watu walikuja hata saa nane za usiku na bafta yao, kitambaa cheupe cha sanda, chini ya kwapa, wakabisha hodi, naye akaamka. Sanda haishonwi kwa cherehani, inataka mtu anayejua kukata na mwenye moyo wa kuamka.

Mama yangu alifariki 2004, na baada yake mjomba ndiye aliyebaki kuwa nyumbani kwangu. Mwanzoni nilikwenda kila Idi. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 nilifurahi kuliko mtu yeyote. Kabla ya hapo kumpelekea mtu hela Pangani ilikuwa ni kumwomba dereva wa basi, umwandikie bahasha, usubiri siku mbili usikie imefika au imepotea. Sasa nikawa natuma palepale ofisini, kisha napiga: "Mjomba, nimekutumia hela ya sukari." Naye anajibu, "Nimeiona, mjomba, Mungu akuzidishie." Kila mwisho wa mwezi, bila kukosa. Kwa kuwa hela ilikuwa inafika, safari zikaanza kupungua. Idi moja nikasema nauli hii bora nimtumie yeye. Idi iliyofuata hivyohivyo. Sikuona kama nimeacha kwenda, niliona natuma.

Jibu lake nalo lilibadilika. Mwaka wa mwisho alikuwa anasema, "Hela nimeiona, mjomba. Wewe nitakuona lini?" Mimi nacheka, nasema Idi hii Mungu akipenda. Mara ya mwisho kukanyaga Pangani kabla ya msiba ilikuwa 2013.

Kutoka Tanga nilipanda gari ndogo la Pangani. Barabara ilikuwa bado ya vumbi, mkonge huku na huku, na baada ya Kigombe mtandao ukaanza kukatika. Ile simu iliyokuwa inalia tangu Ubungo ikanyamaza. Ndani ya gari mama mmoja akaniuliza ninakwenda kwa nani. Nilipomwambia, akashusha kapu lake mapajani, akanishika mkono na kuubana. "Yule fundi! Ndiye aliyemkatia sanda mume wangu." Hakuniachia mkono kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa kwanza kunigusa tangu nipate habari.

Nilifika saa nane na nusu. Watu walikuwa wengi, na hili niliseme waziwazi: majirani wa Pangani hawakumwacha mjomba. Mikeka ilikuwa imetandikwa mpaka barabarani, wanawake wako uani na masufuria, vijana wamerudi kuchimba kaburi, majembe yameegemezwa ukutani yana mchanga mbichi. Waliopungua ni sisi. Bibi mmoja mzee, rafiki wa bibi yangu, alikuwa amekaa mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Pole. Wenzio wako nyuma?"

"Wametuma, bibi."

"Wametuma nini?"

"Rambirambi. Kwa simu."

Akanitazama kidogo. "Haya," akasema, akanisogezea mkeka nikae.

Tulimswalia baada ya alasiri, jeneza likatoka. Anayelijua jeneza la pwani anajua halibebwi na watu wanne mpaka mwisho. Linapita juu ya mabega, wa mbele anampokeza wa nyuma yake, kila mtu anataka apate hatua zake chache, na linakwenda upesi hata wa pembeni wanakimbia. Nililipata bega mara tatu. Mara ya tatu, kijana mmoja mwenye koti la bodaboda alikataa kuniachia. Alishikilia mti wa jeneza huku machozi yanamtoka, na sikumjua ni nani.

Makaburini shehe akasema, "Ndugu wa marehemu washuke, watu watatu."

Mjomba alikuwa na watoto watatu. Mkubwa, mwanamume, yuko Muscat, dereva. Wa pili yuko Dar es Salaam kiwandani, na siku hiyo alikuwa hajapewa ruhusa mpaka atoke zamu. Wa tatu ndiye yule wa Dodoma. Wanaume wa ukoo wetu kwenye lile grupu, niliwahesabu baadaye, ni thelathini na wanne. Nikashuka mimi. Akashuka binamu mmoja kutoka Muheza. Shehe akarudia, "Bado mmoja." Watu wakatazamana. Sitausahau ule muda. Haukufika hata dakika, lakini nilisikia kila kitu: majani ya minazi, mtu anakohoa, mchanga unaporomoka ukutani mwa kaburi na kunidondokea mguuni. Kisha yule kijana wa bodaboda akavua koti lake, akampa mwenzake, akashuka.

Juu yetu walitandaza shuka, watu wakashika pembe zake. Ndani kukawa na kiza cha rangi ya shuka lenyewe. Mjomba alikuwa mwepesi. Nilijiandaa kupokea uzito, mikono ikapokea kitu kama mtoto aliyelala. Yule kijana alishika upande wa kichwa, akawa anasema polepole, "Taratibu, mguu wa kushoto, taratibu," na mimi nikajiuliza huyu ana nini na mguu wa kushoto. Tukamwingiza kwenye mwanandani, ule uwazi wa ndani ya kaburi anamolazwa maiti, tukamlaza kwa ubavu akielekea kibla, tukalegeza fundo za sanda, tukaegemeza kiunza, ubao wa kumfunika. Nilipoinua uso nikaona, pembeni ya shuka, mkono wa mtoto umeshika simu.

Alikuwa ni mjukuu wa jirani. Binamu wa Muscat alikuwa amepiga kwa video akaomba aonyeshwe mazishi ya baba yake. Mtoto alijitahidi: aliinyoosha simu kadiri mkono wake ulivyofika, na kwenye kioo niliuona uso wa binamu yangu, mkubwa, umekaribia mno, yuko ndani ya gari, nyuma yake jua kali. Kisha ukaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba. Mtandao ulikuwa umekatika. Tulipotoka kaburini na kutupa konzi zetu tatu za udongo, uso ule ulikuwa bado umeganda hivyohivyo, na mtoto hakuthubutu kuishusha simu. Mzee mmoja akamwambia kwa upole aiweke mfukoni, talakini inaanza, yale maneno anayosomewa maiti kaburini.

Usiku binamu alinipigia. Alilia mpaka nikakosa la kumwambia. Aliniambia ameona shuka tu. Kisha akasema, "Lakini nilikuwepo, sivyo? Hata wewe uliniona." Nikamwambia nilikuona. Mwajiri wake alikuwa amekataa kumpa pasi yake ya kusafiria, na mtu wa namna hiyo simu ndiyo mlango wake pekee, nisingeweza kumfungia. Lakini nilipokata simu nilibaki nje muda mrefu. Mimi hakuna aliyenishikia pasi. Tabata mpaka Pangani ni safari ya siku moja.

Saa mbili usiku uleule, mmoja wetu aliyeko Arusha aliandika kwenye grupu: "Tunamshukuru Mungu msiba umeisha salama. Ahsanteni kwa ushirikiano." Udongo ulikuwa bado mbichi. Uani kwa mkaza mjomba, mjane wake, wanawake walikuwa ndio kwanza wanatandika mikeka ya kulala matanga. Baada ya nusu saa mtu akatuma picha ya keki: mtoto wa fulani ametimiza mwaka. Hongera zikaanza kumiminika. Nikaizima simu kabisa, kwa mara ya kwanza tangu niinunue.

Ndipo yule kijana wa bodaboda akaja kukaa karibu yangu kwenye baraza, na kikombe cha chai. Nikamshukuru kwa kushuka. Akasema, "Mjomba wangu yule." Hakuwa na undugu naye. Alikuwa anaegesha pikipiki mbele ya baraza kusubiri abiria wa pantoni, na mzee akawa anamwita aje akae kivulini. Miaka mitatu. Ijumaa alimpeleka msikitini, na mara moja kwa mwezi kliniki.

"Kliniki ya nini?"

Akashangaa. "Ya sukari. Hukujua? Ndiyo iliyompa kidonda, mguu huu wa kushoto. Ilibidi aache chai ya sukari kabisa. Alikuwa anasikitika kweli, alikuwa anaipenda."

Kikombe changu nikakiweka chini. Miaka mitatu nimempigia mtu mwenye kisukari kumwambia nimekutumia hela ya sukari, naye akaniombea Mungu anizidishie. Nilikuwa nikimuuliza, "Hujambo mjomba?" akasema, "Sijambo, namshukuru Mungu." Angesema nini zaidi? Kidonda hakisemeki kwa simu ya dakika mbili. Kidonda kinaonekana mtu akinyoosha mguu kwenye mkeka mbele yako, unamuuliza mjomba huo mguu vipi, naye anaanza kukuhadithia. Kijana akaniambia hela zile alizipokea yeye kwa wakala, kwa sababu mzee macho yalikuwa hayaoni namba tena, na kwamba nyingi ziliishia kwenye dawa. Nilimshukuru Mungu kwa hilo angalau. Simu kubwa tuliyomchangia mwaka 2015, ili tuwe tunamwona kwa video, ilikuwa kwenye droo ya cherehani, imezungushiwa kipande cha bafta. Hakuwahi kuiwasha zaidi ya mara mbili. "Alisema watu wanakuwa wadogo mno mle ndani," kijana akasema.

Siku ya pili, Jumatano, mama mdogo aliniita chumbani. Yeye ndiye mdogo wao wa mwisho, na ndiye mtunza daftari la msiba. Kabla ya kufungua jipya alitoa sandukuni la zamani, la msiba wa bibi, nilione. Daftari la shule, nyuma lina jedwali la kuzidisha, limeliwa na mende pembeni. Alikuwa ameligawa kwa rula safu tatu: Jina, Kitu, Kazi. Safu ya Kitu ilikuwa na shilingi 200, shilingi 500, nazi, mchele pishi mbili. Ile ya Kazi ndiyo iliyojaa. Mke wa fundi baiskeli: alikuna nazi siku tatu. Mwenye mashua: alivusha watu wa Bweni, hakutaka nauli. Kijana wa buchani: maji madebe sita. Mjomba: alikata sanda, alilala chini siku saba. Mahali pamoja nililiona jina langu, kwa mwandiko uleule: alisambaza vikombe. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mtu aliona nikisambaza vikombe akaandika.

"Haya, nisomee wa kwenye simu," akasema, akafungua daftari jipya.

Nikaiwasha simu nikaanza kusoma. Walikuwa arobaini na watatu, jumla shilingi 1,870,000. Nilidhani ni kazi ya robo saa. Ilituchukua karibu saa mbili, maana kila jina alilisimamisha.

"Huyu ni mtoto wa nani?"

"Wa mama mkubwa wa Korogwe."

"Yule aliyekuwa na kigugumizi! Ameoa?"

"Sijui, mama."

"Na huyu? Huyu si ndiye alijifungua pacha? Wako hai wote?"

"Sijui."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Nadhani Morogoro. Au alihama."

Kila niliposema sijui aliinua kalamu, akasubiri kidogo kana kwamba nitakumbuka, halafu akaandika. Hawa ni watu ninaosoma salamu zao kila asubuhi. Naziona picha zao za harusi, naona wamevaa nini Idi. Nilikuwa nikiamini kabisa kwamba tuko pamoja. Na palikuwa na elfu ishirini moja imetoka kwa jina ambalo si mimi wala yeye tuliyelijua. Pengine laini ilisajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Tulihangaika nalo, tukamwita mkaza mjomba aliyeko kwenye eda, zile siku za mjane kukaa ndani, naye hakulijua. Mwishowe mama mdogo akaandika: mtu mmoja.

Tulipomaliza, kurasa mbili zilikuwa zimejaa. Safu ya Kitu ilikuwa nzito kuliko ya daftari lolote la nyumba ile. Safu ya Kazi ilikuwa nyeupe kutoka juu hadi chini. Hakusema lolote kuhusu hilo. Aligeuza ukurasa, akaanza kuwaandika majirani bila kuniuliza, kwa kuwa hao alikuwa anawajua: aliyechota maji, aliyepika maharage, waliochimba, watoto wawili walioosha sufuria. Alipofika kwa yule kijana wa bodaboda aliniuliza jina lake kamili. Nikatoka nje kwenda kumuuliza. Aliandika: alishuka kaburini. Kisha, baada ya kufikiri: na mengine ya nyuma.

Hela zile zilifanya kazi, lazima niseme. Zililipa deni la dawa, zikanunua mchele wa khitma, kile kisomo cha kumwombea marehemu, zikabaki za kumshikilia mkaza mjomba miezi yake ya eda. Hakuna aliyezidharau, hata yule bibi wa mlangoni.

Mimi ofisini walikuwa wamenipa siku mbili, na tiketi ya kurudi nilikuwa nimeikata tangu Ubungo, kwa pupa, kama mtu anayekwenda mkutanoni. Khitma ilikuwa Alhamisi jioni. Ningeweza kupiga simu kuomba nyongeza. Niliishika simu Jumatano usiku, nikalitafuta jina la bosi wangu, nikalitazama, nikaona kuna kontena la mteja linatoka bandarini Alhamisi, nikairudisha simu mfukoni. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sina jibu jingine zaidi ya kwamba nilikuwa nimeshazoea kuondoka.

Alhamisi alfajiri nikapita chumbani kuaga. Mama mdogo alikuwa ameshaswali, yuko kwenye mkeka na daftari mapajani, anapanga za khitma. Alikuwa amenifungia mikate ya kumimina kwenye karatasi, bado ya moto.

"Unakwenda, mwanangu?"

"Nakwenda, mama. Kazi."

"Haya. Ufike salama." Akarudisha kurasa nyuma, akapitisha kidole kwenye majina mpaka akanifikia. "Wewe sijakuandika upande huu. Ulikaa siku ngapi?"

Nilitaka kusema tatu. Hata hii ya leo nilikuwa nimeamkia pale.

"Mbili, mama."

Akaandika mbele ya jina langu, polepole, kwa mwandiko wake ule wa kulala: siku mbili. Nje yule kijana alikuwa ameshawasha pikipiki.